Jina Amerithi, na Kichwa Je?

Kahawa haina subira. Ikiiva leo, uichume leo. Kwa hiyo nyumbani kwa Bibi Ferista, kule Igamba, siku za mavuno zilianza kabla jua halijachungulia. Bibi alikoka moto, akabandika uji, kisha akaenda kufunua kahawa iliyoanikwa juu ya kichanja. Nyuma yake alitembea mtoto wa miaka minne, amebeba kikapu kidogo, kimya.

Mtoto huyo naye aliitwa Ferista. Alikuwa binti wa Osea, mtoto wa mwisho wa Bibi. Osea na mkewe Ruti waliishi katika mji mdogo wa Mpemba, kando ya barabara kuu. Osea alipakia mizigo kwenye malori yanayovuka mpaka. Ruti aliuza nyanya sokoni. Walikuwa na chumba kimoja, na sokoni si mahali pa kulelea mtoto. Ndiyo maana mtoto aliachwa kwa bibi yake. Watu wote walimwita Feri. Bibi peke yake alimwita wajina, na siku akichangamka alimtania kwa kumwita mke mwenzangu.

Feri hakuwa msumbufu. Alichambua kahawa kama mtu mzima, mbovu huku, nzima huku. Lakini hakusema. Akitaka maji alionyesha kikombe. Akiulizwa jambo aliitikia kwa kichwa. Majirani walimsifu kwamba ana adabu. Bibi aliitikia sifa hizo, lakini moyoni hakuziamini. Alidhani anajua mtoto ana nini.

Siku moja Osea alikuja kusalimia. Alimtazama binti yake amekaa kimya pembeni ya kichanja, akacheka.

"Mama, huyu kachukua jina lako, kachukua na kichwa chako."

Hakuwa na nia mbaya. Ulikuwa utani wa nyumba ile. Bibi mwenyewe alizoea kusema kwamba akina Ferista ni wazito kama jiwe la kusagia. Siku zote alicheka wa kwanza. Siku hiyo hakucheka. Aliinama akaendelea kugeuza kahawa.

Bibi Ferista alisoma mpaka darasa la tatu. Alipenda shule kuliko kitu chochote. Mpaka leo, mvua ya kwanza ikigonga vumbi, harufu ile humkumbusha chaki. Lakini alikuwa akisinzia darasani. Mwalimu akisema neno, lilimpita. Mwishowe mwalimu alimwita baba yake, akamwambia kwamba mtoto huyu kichwa chake kizito, anapoteza nafasi ya mwingine. Baba hakubisha. Alisema hata mama yake yuko hivyo hivyo, ni damu. Kesho yake Ferista alipelekwa kuchuma kahawa.

Siku ile ya mwisho walikuwa wanasoma hadithi kitabuni. Kanga, yule ndege wa madoa, ametaga mayai njiani. Tembo anakuja. Mayai yatapondwa. Kanga anasimama katikati ya njia, anainua shingo, anamwambia tembo. Hapo ukurasa uliishia. Kengele ikalia. Mwalimu akasema watafungua ukurasa wa pili kesho.

Kesho hiyo Ferista hakuiona. Miaka zaidi ya sitini imepita. Ameolewa, amezaa, amezika mume. Lakini hadi leo, akiwa peke yake shambani, hujiuliza kanga alimwambia nini tembo.

Mwezi wa kumi ulipoingia, shule ya kijiji ilianza kuandikisha watoto wa darasa la awali. Watoto wangeanza Januari, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Feri angetimiza miaka mitano. Majirani walipeleka watoto wao. Bibi hakwenda. Alijisemea kwamba atamwacha wajina wake akae nyumbani. Atamfundisha kahawa, atamfundisha kufuma vikapu, na hakuna mtu atakayemsimamisha mbele ya wenzake na kumcheka. Alidhani huo ndio upendo.

Wiki hiyo alikuja Paskalina. Paskalina ni mhudumu wa afya wa jamii, mwenyeji wa kijiji kile kile. Anatembea nyumba hadi nyumba na begi lake la bluu. Alikuwa amesikia kwamba Ruti ana mimba ya miezi mitatu, naye Ruti alikuwa amekuja kwa mama mkwe kupumzika siku mbili. Paskalina alisalimia, akaangalia kadi ya kliniki ya Ruti, akaangalia kadi ya Feri. Alipoona mtoto hasemi, alizunguka nyuma yake polepole, akanong'ona jina lake. Feri akageuka mara moja.

"Masikio mazima," alisema Paskalina. "Asingegeuka, ningewaambia mumpeleke hospitali wakamwangalie. Sasa bibi, nyumbani hapa nani anazungumza naye?"

Bibi alieleza kwamba yeye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, kimejaa Kinyiha, lugha ya kwao. Alikuwa amesikia kwamba shuleni ni Kiswahili tu. Aliogopa kumharibu mtoto kwa maneno yake mabovu. Kwa hiyo alionyesha kwa kidole. Leta kile, weka pale, kaa hapa. Na tena, kichwa cha mtoto ni kizito, maneno mengi yangemchosha bure.

"Umejuaje kwamba ni kizito?"

"Ni wajina wangu," alijibu Bibi, kama mtu aliyekwisha kumaliza maneno.

Paskalina hakumcheka. Aliomba kiti, akakaa karibu na moto. Maharage yalikuwa yanachemka. Bibi alinyoosha mkono juu ya mafiga, akashusha kibuyu kilichokuwa wazi, akachota chumvi. Ilikuwa chumvi ya rangi ya majivu, yenye chengachenga.

Paskalina aliuliza chumvi hiyo imetoka wapi. Uso wa Bibi ulilainika. Alisema huletwa na Maduhu, mfugaji wa bondeni huko Momba, kila mwaka anapopanda milimani kutafuta mahindi. Watu wa bondeni huipika wenyewe kutoka kwenye udongo wa chumvi. Mama yake Bibi alitumia chumvi hiyo, na bibi wa mama yake pia. Hakuna chumvi nyingine yenye ladha ya jiko la mama. Akiilamba, Bibi alisema, humwona mama yake amechuchumaa, anakoroga mboga, na shingo yake nene imefungwa kitambaa.

"Shingo nene kwa nini?" aliuliza Paskalina.

"Alikuwa na rovu. Na dada yake pia. Rovu ni la ukoo wetu."

Paskalina alichungulia ndani ya kibuyu. Kisha akafungua begi, akatoa kichupa cha dawa na pakiti ya chumvi ya dukani. Aliweka chumvi ya Bibi kwenye kisahani, na chumvi ya pakiti kwenye kisahani kingine. Akadondosha tone moja moja. Chumvi ya pakiti iligeuka zambarau kama ua. Chumvi ya Bibi ilibaki vile vile, ya majivu. Feri alisogea karibu. Aligusa ile zambarau kwa kidole, akamtazama Paskalina.

"Umeona, eh?" Paskalina alimwambia mtoto. "Hiyo rangi inaonyesha madini joto."

Akawaeleza wote polepole. Madini joto, yaani iodini, mwili unayahitaji kidogo tu, lakini kidogo hicho hakina mbadala. Nchi za milima mara nyingi udongo wake hauna madini hayo ya kutosha, kwa sababu mvua zimeyasukuma chini miaka mingi. Ukikaa muda mrefu bila kuyapata, tezi la shingo linaweza kuvimba. Hilo ndilo rovu. Na mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto tumboni haujengeki vizuri. Mtoto mdogo akiyakosa, anaweza kuwa mchovu, mzito wa kushika mambo. Kwa hiyo watu wanaona mama ana rovu, binti ana rovu, mjukuu anasinzia darasani, wanasema ni damu.

"Kumbe wanarithishana kibuyu," alisema Ruti taratibu, akishika tumbo lake.

Bibi alikuwa ameshika mwiko, hakorogi. Aliuliza swali ambalo hakupanga kuliuliza.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa na akili?"

Kuni zilipasuka motoni. Paskalina alimuuliza asubuhi zile za shule alikuwa anakula nini. Bibi alisema hakuna, walikula jioni. Akamuuliza kama aliumwa homa. Bibi alisema kila masika. Akamuuliza kama alikuwepo mtu nyumbani wa kukaa naye, kumuuliza amejifunza nini. Bibi alitikisa kichwa. Mtoto wa zamani hakuongea mbele ya wakubwa.

"Bibi, mimi siwezi kukudanganya," alisema Paskalina. "Hakuna anayeweza kurudi nyuma kukupima. Lakini mwalimu yule hakupima kichwa chako. Alipima njaa, na homa, na huenda chumvi. Akaviita vyote kichwa."

Bibi aligeukia ukuta. Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni moshi. Wakamwachia moshi wake.

Walipokuwa wanakula, Bibi alirudi kwenye jambo lake. Alitaka kujua kama basi urithi ni uongo. Mbona Osea ana pua ya baba yake, na mwendo wa baba yake?

Paskalina alisema urithi si uongo hata kidogo. Kila mtu huzaliwa na maelekezo madogo madogo ndani ya mwili, kutoka kwa baba na mama. Wataalamu wanayaita vinasaba. Vinasaidia kuamua pua, kimo, rangi, na vina sehemu yake katika akili pia. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawalingani. Mmoja hesabu nyepesi, mwingine maneno mepesi. Lakini hakuna kinasaba kimoja cha akili kinachopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu kama pete. Ni vingi sana, kila kimoja kina nguvu ndogo, na huchanganywa upya kila mimba inapotungwa.

"Feri amechukua nusu kwa Osea na nusu kwa Ruti. Vyako wewe, bibi, amepata kama robo hivi. Na jina halimo kabisa. Jina mlimpa nyie."

Ruti alicheka. Hata Bibi alitabasamu.

"Halafu hivyo alivyopewa," Paskalina aliendelea, "havifanyi kazi peke yake. Vinangoja nyumba. Mtoto ale nini, alale kwenye chandarua au la, azungumze na nani, achezee nini, aitwe mzito au aitwe kwa jina lake. Vinasaba na nyumba vinashikana mikono. Huwezi kumwona mtoto ukasema huu ni mkono wa nani."

Bibi alitazama nje, kwenye kichanja. Kisha akasema kitu ambacho Paskalina hakukitarajia.

"Ni kama kahawa. Mti mmoja. Nichume mbivu, nioshe, nianike juu, inakuwa safi. Jirani achume mti uleule, alundike chini siku tatu, inanuka. Mnunuzi akiionja anasema mti mbaya."

"Na mti?"

"Mti haukukosa kitu. Ingawa mti wa kahawa hautazaa parachichi hata ukiubembeleza."

"Bibi," alisema Paskalina, "na mtu huyu unaniambia ana kichwa kizito."

Kabla ya kuondoka, Paskalina alisema mambo yaliyobaki. Ruti asikose kliniki na vidonge vyake. Chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto, iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Feri apate yai, maharage, dagaa na mboga za majani kila inapowezekana. Na Bibi azungumze naye. Kwa Kinyiha.

Bibi alishangaa. Paskalina alimwambia kwamba lugha anayoijua mtu vizuri ndiyo yenye maneno mengi, na mtoto anayejaa maneno ya lugha moja hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi. Kinachomdumaza mtoto ni ukimya. Na shule asisubiri. Bibi asiseme mtoto aanze kuongea kwanza ndipo aandikishwe.

Juu ya hilo la shule Bibi hakuitikia.

Chumvi ilikuwa ngumu kuiacha. Kwa siku mbili kibuyu kilibaki juu ya mafiga, na Bibi alikipita bila kukitazama, kama mtu anavyompita rafiki waliyegombana. Siku ya tatu alikishusha. Chumvi yote akawapa mbuzi, isipokuwa punje moja kubwa. Hiyo aliifunga kwenye kipande cha kitambaa, akaiweka sandukuni pamoja na gauni la harusi. Si ya kula. Ni ya kunusa, siku mama akimjia moyoni.

Maneno nayo yalikuwa magumu mwanzoni. Bibi hakujua pa kuanzia. Alianza na alichokuwa nacho mkononi. Akichambua kahawa alisema hii imeliwa na mdudu, unaona tundu, na hii nzima, isikie ilivyo nzito. Akihesabu mayai ya kuku alihesabu kwa sauti. Wakienda kisimani alimuuliza Feri njia ipi ina tope, akangoja. Kungoja ndiko kulikomchosha. Feri alinyoosha kidole, Bibi naye akasema neno lenyewe, wakaendelea.

Maneno ya kazi yakaisha. Siku moja wakipukuchua mahindi, Bibi alijikuta anasimulia habari ya kanga. Hakuwahi kumsimulia mtu. Kanga ametaga mayai njiani. Tembo anakuja, ardhi inatikisika, ndu, ndu, ndu. Mayai yatapondwa. Kanga anasimama, anainua shingo, anamwambia tembo.

Akaishia hapo. Feri alimtazama, mdomo wazi kidogo, punje za mahindi zimejaa mkononi. Kesho yake alileta kikapu cha mahindi mwenyewe, akakaa, akangoja. Bibi akasimulia tena. Ikawa desturi yao. Kila siku tembo alikuja, na kila siku alisimama palepale.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unakatika. Osea alipokuja kwa Krismasi aliuliza kama mtoto ameandikishwa. Bibi akasema bado, na Osea akaona aibu usoni mwa mama yake. Akakumbuka utani wake. Ruti alikuwa amemsimulia yote, chumvi ya zambarau na swali la Bibi.

"Mama," alisema, "nisamehe. Mimi nilidhani tunacheka wote."

Bibi alisema utani si kosa. Kosa ni kuuamini. Halafu akamwambia ukweli: yeye haogopi kwamba Feri hana akili. Anaogopa mlango ule. Ni shule ileile aliyotolewa, ingawa madarasa yamejengwa upya. Hajaukanyaga uwanja wake tangu siku ile.

Osea alitaka kwenda yeye. Bibi akakataa. Siku mbili kabla ya mwisho wa kuandikisha alivaa gauni lake la kanisani, akamshika Feri mkono, wakaenda.

Mwalimu wa darasa la awali alikuwa binti mdogo, mwenye umri wa mjukuu mkubwa wa Bibi. Alimuuliza mtoto anaitwa nani. Feri alinyamaza. Bibi alimvuta karibu. Alisubiri neno lile, kizito, lije kama lilivyokuja zamani. Mwalimu akatabasamu tu, akasema wengi huwa hivyo siku ya kwanza, akamuuliza Bibi jina. Akaandika kwenye daftari: Ferista Osea. Basi. Ilikuwa imekwisha.

Wakiwa njiani kurudi, mkono kwa mkono, Feri alisimama. Akainua uso.

"Bibi. Kanga alimwambia nini?"

Lilikuwa swali zima, kwa Kinyiha safi, lina kichwa na miguu. Bibi alichuchumaa palepale barabarani, gauni likagusa vumbi.

"Sijui, wajina wangu. Bibi alitolewa shule kabla hajafungua ukurasa."

Feri alifikiri kidogo. Wakaendelea kutembea.

Januari Feri alianza shule. Asubuhi alikunywa uji wake, na mara nyingi yai. Jioni Bibi alimuuliza amejifunza nini, akangoja jibu, naye jibu likaja, kwanza la neno moja, baadaye la maneno mengi, Kiswahili na Kinyiha vimechanganyika kama kande. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Mwalimu alisema anapenda sana kuchagua vitu na kuvipanga, na kwamba sasa tatizo lake ni kupiga soga. Bibi aliwasimulia majirani tatizo hilo kila alipopata nafasi.

Mwezi wa nne Ruti alijifungua mtoto wa kike, mwenye afya. Osea alitaka kumpa jina la shangazi yake, ambaye ukoo mzima ulimwita msahaulifu, akasita. Bibi akamwambia ampe tu. Jina halina kosa.

Jioni moja mvua ilikuwa imeisha. Bibi na Feri walikuwa wanapukuchua mahindi barazani. Harufu ya udongo ilipanda, ile ya chaki. Bibi alianza: tembo anakuja, ndu, ndu, ndu. Kanga anasimama katikati ya njia, anainua shingo.

Akanyamaza, kama kawaida.

"Mimi najua alichosema," alisema Feri, macho yake kwenye mahindi.

"Alisema nini?"

"Alisema, shikamoo babu. Watoto wangu wamelala hapa. Pita pembeni."

Bibi aliacha gunzi lianguke mapajani. "Na tembo?"

"Akasema marahaba. Akapita pembeni."

Bibi aliokota gunzi. Aliangalia njia iliyo mbele ya nyumba, muda mrefu, kama anayemsindikiza mtu kwa macho. Kisha akavuta kikapu karibu, akamwambia mke mwenzake asimulie tena, tangu mwanzo.